Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kijitabu cha Beroe, Ada na Mengineyo

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Mama Mhazini, ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenzi wa historia ya soka: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Kwa mujibu wa katiba yetu nawasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulikutana Jumamosi za mwisho wa mwezi isipokuwa Ramadhani na Desemba, tukaangalia mechi za zamani, tukatoa rambirambi, projekta ikaenda kwa fundi ikarudi, kisha ikaenda tena. Tumepata wanachama wapya 6. Wanne niliwaleta mimi. Mengine yamo kwenye kabrasha la Katibu.

Nije kwenye jambo lililosemwa sana vibarazani na kwenye kundi la WhatsApp kuliko kikaoni, maana kikaoni wengi hamkufika. Kamati tendaji chini ya uongozi wangu iliamua kijitabu chetu cha mwaka kiwe historia ya Beroe, klabu ya mji wa Stara Zagora nchini Bulgaria, na gharama zake zitoke kwenye fungu la pilau ya kufunga mwaka. Mwanachama mmoja akauliza kama Beroe ni timu au dawa ya meno. Utani nimeupokea. Sasa naomba na mimi nisikilizwe.

Beroe ilianzishwa mwaka 1916, jezi zake kijani na nyeupe, katika mji ulio zaidi ya kilomita 200 mashariki ya Sofia, mji mkuu. Sofia ndiko waliko CSKA, timu ya jeshi, na Levski, ambayo kwa miaka mingi ya utawala wa kikomunisti ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga hatuhitaji kufafanuliwa maana ya ligi kuwa ya timu mbili. Timu ya mkoani kazi yake ni kuwasindikiza wakubwa, na ikipata mchezaji mzuri huchukuliwa.

Hata hivyo Beroe haikuwa timu ya kusindikiza tu. Katika Kombe la UEFA msimu wa 1972/73 iliifunga Austria Wien 7-0, na waliporudiana ikashinda tena 3-1. Msimu uliofuata, kwenye Kombe la Washindi la Ulaya, iliitoa Athletic Bilbao na kufika robo fainali, ikatolewa na Magdeburg ya Ujerumani Mashariki, ambayo ndiyo iliyobeba kombe lenyewe kwa kuifunga Milan. Mshambuliaji wao Petko Petkov aliongoza kwa mabao katika ligi ya Bulgaria mwaka 1974 na tena 1976. Mwaka 1979, kwenye Kombe la Washindi tena, Juventus ilikwenda Stara Zagora ikafungwa 1-0, na huko Turin ililazimika kusubiri dakika za nyongeza ndipo ikapata ushindi wa 3-0. Wenzetu wa Arsenal wanaojisifu kwamba waliitoa Juventus kwenye nusu fainali ya msimu uleule wajue kuna watu walioitoa jasho kabla yao.

Kilichobishaniwa zaidi ni ubingwa wa ligi ya Bulgaria ambao Beroe ilichukua mwaka 1986, na hapa nitakaa kidogo. Tarehe 19 Juni 1985 CSKA na Levski zilicheza fainali ya Kombe la Bulgaria mjini Sofia. CSKA ilishinda 2-1, lakini wachezaji walipigana uwanjani hadharani. Chama tawala kikazivunja klabu zote mbili. CSKA ikageuzwa jina ikaitwa Sredets, Levski ikaitwa Vitosha, na wachezaji kadhaa wakafungiwa maisha, wakiwemo kipa Borislav Mihaylov na kijana aitwaye Hristo Stoichkov. Baadaye walisamehewa, ndiyo maana mwaka 1994 tuliwaona Marekani wakiipeleka Bulgaria nusu fainali ya Kombe la Dunia. Msimu uliofuata baada ya ngumi zile, 1985/86, bingwa akawa Beroe. Ni ubingwa wake wa kwanza, na hadi leo hana mwingine.

Makamu Mwenyekiti, ambaye namheshimu, alisema kikaoni kwamba ubingwa ule ni zawadi. Nilimjibu pale pale na narudia kwa maandishi: Sredets na Vitosha walikuwemo ligini msimu mzima, wamebadilishiwa majina tu. Na Trakia ya Plovdiv, timu nyingine ya nguvu, nayo ilikuwemo. Kama ubingwa ulikuwa unaokotwa barabarani, mbona wengine hawakuinama? Msimu uliofuata Beroe ilikutana na Dynamo Kyiv kwenye Klabu Bingwa Ulaya. Hao ndio kwanza walikuwa wamechukua Kombe la Washindi, wana Blokhin, wana Belanov, ambaye mwaka huohuo alitangazwa mchezaji bora wa Ulaya. Stara Zagora ilimalizika 1-1. Kule Kyiv, Beroe ikafungwa 2-0 tu. Hiyo si timu ya zawadi.

Wapo waliosema bora tungeandika juu ya Ludogorets, kwani nayo ni ya mkoani na imetwaa ubingwa mara 14 mfululizo, kuanzia 2012 hadi 2025. Ni kweli, na kisa cha beki Cosmin Moți kukaa golini wakati wa matuta dhidi ya Steaua ya Romania mwaka 2014, akafunga penalti yake na kupangua mbili, hata mimi nimekisimulia mara nyingi. Lakini Ludogorets ilinunuliwa na tajiri mwaka 2010, na tangu hapo pesa imefanya kazi yake. Beroe ilipoteza fainali za kombe 1968, 1973, 1979 na 1980, ndipo ikalishika mwaka 2010. Mwaka 2013 ikalichukua tena, safari hii kwa kuifunga Levski yenyewe kwa matuta baada ya sare ya 3-3. Kwa mtu anayependa historia, mimi sioni ugumu wa kuchagua.

Wengine walitaka Tukuyu Stars, ambayo ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka uleule wa 1986, tena ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Wazo zuri sana. Mimi ndiye niliyelitaja kwanza, mihutasari ipo. Ila waliojitolea kuleta magazeti ya zamani na kuwahoji wazee kule Rungwe bado tunawasubiri. Kijitabu cha Beroe kilipatikana kwa sababu kuna mtu alikaa usiku akakiandika, na mtu huyo hakudai posho.

Sasa fedha. Ada 648,000, michango 210,000, mauzo ya vijitabu 184,000, jumla 1,042,000. Uchapaji 640,000, ukumbi 180,000, rambirambi 100,000, projekta 95,000, jumla 1,015,000. Bakaa 27,000. Mama Mhazini ana risiti zote isipokuwa ya fundi, ambaye hatoi risiti.

Tuko wanachama 64 na ada ni 24,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 27. Siku ya kuzindua kijitabu tulikuwa watu 11, pamoja na fundi wa projekta. Akidi ya mkutano mkuu tumeikosa mara mbili, na leo tumeipata kwa kumpigia simu mwenzetu akiwa sokoni. Cha kushangaza, katika wanaosema mwenyekiti amekula pilau yao, nimewahesabu: wengi hawajalipa hata shilingi ya mchele. Katiba inasema asiyelipa ada miezi sita hana haki ya kupiga kura. Sijaitumia ibara hiyo. Sisemi kwamba sitaitumia.

Kwa mwaka ujao, Mungu akijalia na hali ikiruhusu, tunatarajia kupata ofisi, kuanzisha maktaba ndogo, kuangalia uwezekano wa wafadhili, na kuwaandikia Beroe barua ya salamu. Pilau itarudi kadiri ada zitakavyoingia. Kijitabu kijacho kitaamuliwa na watakaohudhuria.

Vijitabu 57 vilivyobaki viko nyumbani kwangu, shilingi 8,000 kimoja, taslimu, hakuna mkopo hata kwa wajumbe wa kamati.

Naomba kuwasilisha.