Barua ya wazi kwa madaktari na matabibu vijana wa Mombasa

Wanangu,

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Nimestaafu uuguzi, na mstaafu hana wa kumwogopa, kwa hivyo nitasema.

Nasikia mnavutana. Daktari asema tabibu (clinical officer), mwenye diploma ya miaka mitatu na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, hawezi kulinganishwa na aliyesoma miaka sita. Tabibu ajibu kwamba kwenye zahanati na vituo vya afya daktari humwoni, ni wao na wauguzi tu. Nyote mwasema kweli. Sheria ya 2017 ishampa tabibu leseni na baraza lake, na mambo ya mishahara nawaachia vyama vyenu. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, matabibu nao wakagoma mwaka uohuo, aliyeumia twamjua.

Langu ni la barua ya rufaa, ile tabibu anayoandika akimpeleka mgonjwa hospitali kubwa kwa daktari.

Tuseme mjamzito yuko Likoni, presha 160 kwa 110, kichwa chamgonga, macho yaona ukungu. Tabibu akimdunga dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, akaandika kiasi na saa, akapiga simu Makadara, hospitali kuu ya rufaa, kabla gari halijapanda feri, daktari atampokea akijua pa kuanzia. Lakini nimeziona barua za mstari mmoja, "tafadhali msaidie", hazina saa wala dawa. Daktari arudie sindano au asirudie? Ikizidi, dawa hiyo hiyo yazuia pumzi.

Nimeona na baya kuliko hilo: barua iliyokamilika ikisomwa kwa sauti wodini, watu wakicheka Kiingereza cha mwandishi. Daktari uliyecheka, hukumkomoa tabibu. Wiki ijayo atapata mgonjwa wa kutia shaka, naye atasema ngoja nimtazame hadi asubuhi, nisije nikafanywa kichekesho tena. Saa hizo zilizopotea haziandikwi kwenye faili lolote.

Nahodha aliyevuka bahari kuu, akifika mlango wa Kilindini humpandisha rubani wa bandari na kumsikiliza. Tabibu wa Mtongwe ajua nani mtaani ameacha dawa za kifua kikuu katikati, na nyumba gani hunywa maji ya kisima cha chumvi. Muulizeni.

Nawe tabibu usijitie usichosomea. Kuna wenzako waliorudi chuoni wakahitimu kutia wagonjwa usingizi, na wengine kuondoa mtoto wa jicho. Hao wana haki yao. Wewe ambaye hukurudi, kisu kiache, hata mgonjwa akija na pesa mkononi. (Najua kliniki za uchochoroni zinalipa. Najua pia kesi zake huishia wapi.)

Jambo la mwisho, daktari. Mgonjwa akitoka wodini, mwandikie tabibu majibu: ulikuta nini, ulimpa nini, arudi kliniki lini. Mistari mitatu yatosha. Usiwaachie jamaa zake wakaeleze, maana wakifika nyumbani jina la dawa wameshalisahau, na tabibu ndiye atakayempima mgonjwa presha Jumatatu.