Risala ya wahitimu wa uuguzi na ukunga kwa Mgeni Rasmi, Rungwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na walezi, wahitimu wenzetu,

Karibu Rungwe, na pole kwa ukungu wa njiani. Tumefundishwa vizuri, tumekula ndizi mpaka tumezizoea, na leo tunamaliza salama. Shukrani zetu kwa wakufunzi ni nyingi. Muda uliobaki tunaomba tuutumie kwa jambo moja: vidonda vya upasuaji vinavyotunga usaha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika kituo ambacho hatutakitaja, alirudi mama aliyejifungua kwa upasuaji siku tisa kabla. Kanga yake ilikuwa imelowa tumboni, mtoto yuko mgongoni kwa bibi. Tulipofungua bandeji, nyuzi tatu zilikuwa zimeachia. Tukasoma faili. Usiku wa kuamkia upasuaji alinyolewa kwa wembe ulionunuliwa na ndugu zake dukani nje ya geti. Sindano ya antibiotiki alichomwa upasuaji ukiwa umekwisha. Mwenzetu aliyeushika wembe ule yumo humu ukumbini, alifanya alivyoagizwa.

Wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na vijidudu vya ngozini hujificha humo mpaka asubuhi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unakataza kunyoa: nywele ziachwe, au zikilazimu kuondolewa zikatwe kwa mashine. Antibiotiki ya kinga itolewe kabla ngozi haijachanwa, ndani ya dakika 120. Kuendelea nayo siku tano baada ya kushona, eti kwa usalama, hakumkingi mgonjwa. Kunavizoesha vijidudu dawa. Shirika hilohilo linasema Afrika hadi asilimia 20 ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda.

Kuna na baridi, ambayo wenzetu wa Dar es Salaam hawaifikirii sana. Mwezi wa saba huku, mgonjwa amevuliwa nguo, amelazwa juu ya meza, anatetemeka. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzijoto 36, mishipa ya ngozini husinyaa, damu na oksijeni havifiki vya kutosha kwenye kidonda, na kinga ya mwili inalegea. Kwetu nyanda za juu, blanketi ni kifaa cha upasuaji.

Maji nayo yanachekesha. Mvua inanyesha hapa karibu mwaka mzima, lakini kuna siku tulinawa mikono ya kuingilia chumba cha upasuaji kwa ndoo, mwenzako akikumiminia kwa kopo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusemee vituo vya wilaya vipate mifereji ya paa na tenki, mablanketi ya chumba cha upasuaji, na daftari lenye namba za simu za akina mama. Maambukizi yanaweza kujitokeza hadi siku ya 30, na mama anakuwa ameruhusiwa zamani, yuko nyumbani anaambiwa kidonda kinajikausha chenyewe.

Mashine za kukatia nywele hatuombi. Tumechangishana, tumenunua mbili; ziko mezani hapo mbele yako. Tunaomba umkabidhi yule mwenzetu. Ameomba mwenyewe kwamba azipeleke yeye wodini.

Tunaomba kuwasilisha.