Kabla hujamsainia kijana pambano

Swahiba wangu,

Salamu kwako na kwa wote wanaokuzunguka. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza ilikuwa furaha tu ya kuona mwandiko wako baada ya muda mrefu. Mbili zilizofuata zilitokana na lile swali uliloliweka mwisho kabisa, chini ya salamu, kama mtu anayetua mzigo mlangoni kwa mwenzake halafu anaondoka kimyakimya. Kijana wako ameshapigana mara 9 na hajapoteza. Mbele yako yapo majina mawili. Mmoja ni bondia aliyekwisha choka, anayekuja kuchukua malipo yake na kurudi. Mwingine ni yule ambaye makocha wenzako wamekuwa wakimkwepa mwaka mzima. Unauliza mimi ningemchagua yupi, na hapohapo unajijibu kwamba ile sifuri kwenye rekodi ina thamani yake.

Ina thamani, sibishi. Mapromota huiuza na watazamaji huinunua. Ila kila ninapoifikiria hiyo sifuri, mawazo yangu humrudia Gene Tunney, bondia wa Marekani wa zamani, na nakuomba univumilie nikusimulie, hata kama sehemu ya kisa hiki unaijua.

Tunney alipanda ulingoni Madison Square Garden tarehe 23 Mei 1922 akiwa hajawahi kushindwa. Mpinzani wake, Harry Greb, alikuwa bondia wa uzito wa kati, mwepesi kuliko yeye kwa zaidi ya paundi 10, na jicho lake moja lilikuwa limekwisha haribika, siri aliyoificha kwa miaka. Lakini Greb alikuwa tufani. Alipigana karibu mara 300 katika maisha yake, na hakuwa na desturi ya kuuliza mpinzani ana uzito gani. Raundi ya kwanza tu akamvunja Tunney pua. Zikabaki raundi 14. Nyusi zikapasuka, damu ikamwagika hadi mwamuzi akalowa, na Tunney akaendelea kusimama mpaka kengele ya mwisho. Akapoteza ubingwa wake wa Marekani, na siku zilizofuata akazimaliza kitandani.

Sasa niambie, ungekuwa wewe ndiye kocha wake, ungemwambia nini mtu yule pale kitandani? Mimi ningemwambia tutafute njia nyingine. Na njia zilikuwepo. Alikuwa kijana, alikuwa na mwili wa kutosha, angeweza kupanda uzito na kumwacha Greb huko chini na tufani yake. Yeye akaomba marudiano. Akalichambua pambano lile konde kwa konde, akashauriwa na Benny Leonard, bingwa wa uzito mwepesi wa zama hizo, kwamba Greb apigwe mwilini, chini ya moyo, pale anapoingia. Wakakutana tena Februari 1923. Tunney akashinda kwa pointi, ushindi ambao wengi waliubishia. Angeweza kuishia hapo, mkanda umerudi, heshima imerudi. Wakapigana tena Desemba mwaka huohuo, tena 1924, tena 1925. Mara 5 kwa jumla.

Mwaka 1926 Tunney akamshinda Jack Dempsey na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na watu wakastaajabu jinsi alivyokuwa mtulivu mbele ya mtu yule wa kutisha. Mimi sistaajabu. Alikuwa amemaliza shule yake kwa Greb. Mwezi mmoja baadaye Greb akafariki akiwa na miaka 32, na Tunney alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Kila nikifika hapa kwenye kisa hiki hunyamaza kidogo. Katika ndondi za kulipwa Tunney alishindwa mara moja tu, na aliyemshinda ndiye huyo aliyekwenda kumzika.

Utasema Tunney alikuwa mtu mzima katika kazi yake, na kijana wako ana mapambano 9 tu. Basi mchukue Azumah Nelson wa Ghana. Alikuwa amepigana mara 13 pekee katika ndondi za kulipwa, na Marekani ni wachache waliolijua jina lake, alipoitwa mwaka 1982 kuziba nafasi ya mpinzani aliyejitoa. Wa kupigana naye alikuwa Salvador Sánchez wa Meksiko, bingwa wa dunia wa uzito wa unyoya, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amemsimamisha Wilfredo Gómez, mtu ambaye hakuwa amewahi kupoteza. Muda wa kujiandaa ulikuwa mfupi mno. Hakuna ambaye angemlaumu Nelson kama angesema "bado".

Tarehe 21 Julai akapanda ulingoni. Kama hujalitazama pambano lile siku za karibuni, litazame na kijana wako. Utamwona bingwa, mmoja wa mabondia werevu kuliko wote wa uzito ule, akilazimika kufikiri raundi baada ya raundi, kwa sababu mgeni aliyeletwa kujaza nafasi hataki kurudi nyuma. Walifika raundi ya 15. Hapo ndipo Nelson alipoishiwa na mwamuzi akasimamisha. Sifuri ikaondoka. Lakini usiku ule jina lake lilijulikana, na majuma matatu baadaye, Sánchez alipofariki kwa ajali ya gari akiwa na miaka 23 tu, pambano lile likabaki kuwa la mwisho la maisha yake.

Nelson naye hakurudi kutafuta vibonde. Mwaka 1984 alisafiri hadi Puerto Rico, nyumbani kwa Gómez yuleyule, akamwangusha katika raundi ya 11 na kuuchukua ubingwa mbele ya umati wa watu wa Gómez. Kisha kuna kisa cha Jeff Fenech, ambacho kwangu ndicho kikubwa zaidi. Juni 1991, Las Vegas, walitoka sare, na wengi waliotazama waliamini Fenech ndiye aliyeshinda. Nelson alikuwa ameondoka na mkanda wake. Bingwa aliyeponea chupuchupu namna ile angeweza kabisa kutafuta sababu, kuvuta muda, kudai hiki na kile mpaka joto lipoe. Machi 1992 alikuwa Melbourne, Australia, kwa Fenech, kwenye uwanja wa wazi uliojaa watu waliokuja kuona akiadhibiwa. Fenech alikuwa hajawahi kushindwa. Nelson akamsimamisha katika raundi ya 8.

Nimekaa sana kwa Nelson kwa sababu nampenda, nakiri. Lakini kuna upande wa pili wa jambo hili ambao hunikera kila nikiukumbuka, nao unahusu yule bondia wa pili uliyeniandikia, yule anayekwepwa. Wapo watu waliotafuta wapinzani wagumu maisha yao yote, na wapinzani hao wakawafungia mlango.

Sam Langford alizaliwa Nova Scotia, Kanada, na urefu wake haukufika futi 5 na inchi 8. Mwaka 1903 alimshinda Joe Gans, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito mwepesi, katika pambano ambalo mkanda haukuwekwa rehani. Tangu hapo akaendelea kupanda uzito mmoja baada ya mwingine hadi kufika kwa majitu ya uzito wa juu. Mwaka 1906 alipigana raundi 15 na Jack Johnson, akashindwa. Johnson alipokuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1908, Langford alimfuata miaka yote akitaka marudiano, na hakupewa. Kwa sababu ya rangi yake mabingwa weupe nao walimkataa. Akabaki kupigana na weusi wenzake waliofungiwa mlango uleule, tena na tena. Yeye na Harry Wills walikutana zaidi ya mara 15. Fikiria hilo. Mara 15 na mtu mmoja, mkubwa kuliko wewe, kwa sababu wengine wote wanakuogopa. Macho yake yalikufa taratibu na bado aliendelea kupigana. Mwaka 1944 mwandishi mmoja wa habari alimkuta Harlem, kipofu, fukara, peke yake chumbani.

Na Charley Burley, ambaye alimshinda Archie Moore mwaka 1944, hakupata hata mara moja kugombea ubingwa wa dunia. Moore alikuja kuwa bingwa miaka mingi baadaye. Burley aliishia kuzoa taka Pittsburgh. Kwa hiyo kijana wako akimchukua yule anayekwepwa, atakuwa pia ametenda haki ndogo kwa bondia mwenzake, ambaye huenda sasa hivi amekaa mahali akingoja simu isiyolia.

Kuhusu Muhammad Ali sitasema mengi, unamjua kuliko mimi. Nataka tu ukumbuke hesabu iliyokuwa mbele yake mwaka 1974. Joe Frazier alikuwa amemshinda Ali. Ken Norton alikuwa amemshinda Ali na kumvunja taya. George Foreman alimmaliza Frazier kwa raundi 2 na Norton kwa raundi 2. Ali, akiwa na miaka 32, akaenda Kinshasa kupigana na huyohuyo Foreman, na raundi ya 8 Foreman alikuwa sakafuni. Watu humsifu Ali na kumsahau Frazier, ambaye mwaka 1973 alikuwa bingwa asiyeshindwa na alikuwa huru kuchagua mpinzani rahisi. Akampa nafasi Foreman kule Kingston. Aliangushwa mara 6 katika raundi 2, na baada ya kila anguko aliinuka. Siku hiyo alipoteza kila kitu, na mimi simhesabii kuwa alikosea.

Vivyo hivyo John Mugabi wa Uganda. Alikuwa amewashinda wote kwa KO, yaani kabla ya kengele ya mwisho, akaacha uzito wake na kupanda kumfuata Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati, Machi 1986, wakati ambapo watu wa uzito wa kati walikuwa wakimwogopa Hagler kama moto. Alisimama naye hadi raundi ya 11. Hagler hakushinda tena pambano lolote baada ya lile.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo najua linakusumbua, maana nakufahamu. Unaogopa kumuumiza. Hofu hiyo ni ya haki, na kocha asiyekuwa nayo simwamini. Manila, 1975, Frazier alipopigana na Ali, baada ya raundi ya 14, kocha wake Eddie Futch alimtazama Frazier ambaye macho yake yalikuwa yamevimba hata hamwoni Ali, akakataa asitoke kwa raundi ya mwisho. Frazier alitaka kuendelea. Futch alimzuia kwa mkono wake. Ujasiri wa kijana uko kwenye kusaini. Wa kwako uko kwenye kurusha taulo na kusimamisha pambano, na pambano kama hili linawataka wote wawili. Kama uzito wa yule mtu si wa kijana wako, kataa. Kama majuma ya mazoezi hayatoshi, ahirisha. Sizungumzii kumtupa mtoto majini.

Lakini kama sababu pekee ni sifuri, nina neno ambalo sijawahi kukuambia.

Unamkumbuka yule bwana wa mkono wa kushoto, tulipokuwa bado tunafanya mazoezi pamoja? Kila kocha alipotaka mtu wa kuingia naye ulingoni, mimi bega liliniuma. Mwezi mzima bega liliniuma. Halikuwa na kitu, swahiba. Nilikuwa namwogopa. Siku moja uliingia wewe kwa zamu yangu, ukatoka mdomo umepasuka, ukakaa kwenye benchi kando yangu, ukaanza kunieleza kwa furaha kwamba akirusha mkono wa kushoto anauchelewesha kuurudisha, na kwamba kesho ungejaribu kuingia kwa nje ya mguu wake. Nilikuwa nimemtazama mtu yule mwezi mzima kutoka nje ya kamba na sikuwa nimeliona hilo. Ukarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mimi niliacha ndondi mwaka huohuo, nikawaambia watu ni kazi.

Nimejiuliza mara nyingi ningekuwa mtu wa namna gani kama ningeingia siku ile ya kwanza, hata kama angenilaza.

Kwa hiyo jibu langu ni yule anayekwepwa. Ila usimchagulie wewe. Mkalishe kijana, muweke video za wote wawili, mtazame hadi mwisho, halafu umuulize ni yupi anayemfanya atake kurudi gym usiku huohuo. Akisema yule mzee aliyechoka, basi mpe huyo, bado ana muda. Akilitaja lile jina jingine kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akiongea mtu mmoja mwenye mdomo uliopasuka, niandikie haraka. Nitakuja, na nitabeba ndoo kwenye kona yako kama mtanikubalia.

Nisalimie kijana. Mwambie namsubiri kwa jibu lake, lolote litakalokuwa.

Wako daima,
Mwenzako wa benchi lile