Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: betri, hezi 50 na sheria tunayongoja

Wanachama wenzangu, habari zenu na poleni na kazi. Mambo ya pesa sitakaa nayo sana, mweka hazina atawasomea hesabu mkutanoni, mimi nasema tu ada zinaingia polepole na wale hawajalipa wanajijua, tafadhali lipeni. Wacha niingie kwa ile kitu imetukula mwaka mzima, yaani betri kubwa za gridi (ule mtandao wa stima wa nchi nzima), vile zinafaa kusimamiwa, na sheria yake tunayongoja, ambayo tunaandikia EPRA, wasimamizi wa nishati nchini, maoni yetu.

Wengi bado mnaniuliza sisi mafundi wa sola tunaingilia wapi kwa betri za megawati. Kumbukeni ile Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2024. Nilikuwa karakana, mita iko juu ya meza imechomekwa kwa soketi inasoma hezi, yaani mapigo ya stima kwa sekunde, ambayo yanafaa kukaa 50, hiyo ni tabia yangu ya siku zote, na ile namba huwa inacheza hapo 49.9, 50.0, 50.1 kama mtu amelala anapumua. Karibu saa tatu asubuhi ikaanza kushuka, sikupata hata nafasi ya kuita kijana aje aone, ikasoma sufuri na jirani yangu wa kuchomelea akanyamaza katikati ya kazi. Baadaye waziri akaeleza kwamba laini ya Loiyangalani ilikatika pale kituo cha stima cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo, halafu laini ya Ethiopia nayo ikatoka na megawati 200. Hiyo ni 488, zaidi ya robo ya stima yote ilikuwa inatumika saa hiyo! Gridi ikipokonywa robo kwa mpigo inahitaji kitu cha haraka sana cha kuishikilia, la sivyo inaenda.

Na hiyo haraka ndio yote. Mabwawa yetu ya mto Tana, kuanzia Masinga mpaka Kiambere, ndio yamezoea hii kazi ya kusawazisha hezi na yanaifanya vizuri, lakini maji ni mazito, mpaka lango lifunguke, maji yaongezeke, tabo, lile gurudumu linazungushwa na maji, ipate nguvu, sekunde zimeenda. Betri haina kitu cha kuzungusha, inajibu hata kabla sekunde moja haijaisha. Kule Australia Kusini betri ya Hornsdale ya megawati 100 ilikuwa na wiki mbili hivi tu kazini, Desemba 2017, wakati mtambo mmoja wa makaa pale Loy Yang ulizimika huko jimbo lingine la Victoria, na betri ikaanza kumwaga stima kabla ya ule mtambo wenye kandarasi ya kuitikia haujajitikisa.

Sasa ukitaka mtu alete betri kama hiyo hapa lazima umwambie yeye ni nani. Akichaji anaonekana mteja, akitoa anaonekana mzalishaji, na ukimtoza kwa kofia zote mbili atafunga virago. Uingereza walivutana na hii kitu miaka mingi mpaka sheria yao ya nishati ya 2023 ikaandika wazi kwamba kuhifadhi stima ni aina ya kuzalisha. Marekani nao, FERC, wasimamizi wao wa nishati, iliagiza mwaka 2011 kwamba anayefuata ishara ya gridi kwa kasi na kwa usahihi alipwe kulingana na hiyo kazi, asiwekwe kapu moja na anayejikokota. Kwa kamati yetu tulibishana sana kama betri zote zitumie kanuni moja, na mimi nilikataa na bado nakataa, kwa sababu betri ya kusaidia jioni watu wakiwasha stima wote unataka ijae pomoni iweze kutoa masaa manne, lakini betri ya hezi inakaa nusu nusu makusudi, hezi zikishuka itoe, zikipanda imeze. Ukiilazimisha ijae umeiua mkono mmoja.

Halafu kuna upande wetu, na hapa naomba mnisikize. Ujerumani sola za paa ziliwekwa zote zijizime hezi zikifika 50.2, na zilipokuwa nyingi ikaonekana zikizima pamoja zinaweza kuangusha gridi, ndio mwaka 2012 serikali ikatoa kanuni ya kurudia setingi za mitambo zaidi ya laki tatu. Uingereza tarehe 9 Agosti 2019 hezi zilishuka mpaka 48.8, wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa, na mitambo midogo iliyojitoa yenyewe kwa sababu ya setingi iliongeza shida. Mwaka huu nilipanda juu ya paa na mwanachama mmoja kuangalia kazi yake, waya safi, boksi safi, nikafungua menyu ya inveta, kile kifaa cha kuunganisha sola na gridi, nikakuta setingi ya kiwandani, inajitoa hezi zikishuka kufika 49.5, yaani gridi ikilegea kidogo tu nayo inaikimbia. Nikamuuliza mbona ameiacha hivyo. Akaniambia, "Kwani mwenyekiti hiyo hubadilishwa?" Ni fundi mzuri sana huyo, hakuna mtu aliwahi kumfundisha, na hilo ni deni la uongozi wenu.

Kwa hivyo kabla ya mkutano kila mmoja apige picha ya ukurasa wa setingi za gridi kwa kila inveta amefunga mwaka huu, hezi za kujitoa zionekane na sekunde za kungoja zionekane, amtumie katibu. Wenye kazi za mbali mpigie mwenye nyumba akupigie hiyo picha. Tutazipanga mezani, tuzirekebishe pamoja, na hizo ndizo tutaambatisha kwa maoni yetu kwa EPRA.