Samaki kutolia sio kwamba haumii

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika humu wiki iliyopita kuhusu punda. Kwenye punda niko naye kabisa, na nilifurahi sana Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walipokubaliana kuzuia punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi, ila pale mwishoni alipoandika kwamba huruma tuwape wanyama wenye akili na kuku na samaki tuachane nao maana ni vitoweo tu havihisi kitu, hapo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi nimekulia Kilwa. Mama alikuwa anaenda pwani kutafuta pweza kila bamvua, mi namfuata nyuma na ndoo. Pweza akichomwa na nondo kwenye tundu lake anabadilika rangi hapohapo, anapauka, anaiva mwekundu, anapauka tena, mikono inamzunguka mama mpaka kwenye kiwiko, na kama mkono mmoja umejeruhiwa anaukunja kwa ndani anaukinga na ile mingine. Mama alikuwa anamgeuza kichwa haraka, cha ndani kinakuja nje, akishakufa ndo anamtia kwenye ndoo. Kuna wenzake walikuwa wanaanza kumpigapiga kwenye mwamba akiwa bado mzima ili alainike. Nikamuuliza siku moja mbona yeye hafanyi hivyo, akasema kwani wewe huoni anavyojikunja?

Sasa huyo pweza hana sauti, hana damu nyekundu, hana hata mfupa. Ila ana seli za neva kama milioni 500, na nyingi ziko kwenye mikono. Uingereza walikaa chini wakapitia tafiti zaidi ya 300 kuhusu pweza, kaa na kamba, ripoti ikatoka Novemba 2021 ikasema ushahidi kwamba wanahisi upo, na mwaka 2022 wakawaingiza kwenye sheria yao ya wanyama. Na samaki je? Mwaka 2003 kule Uskochi walichoma samaki sindano ya asidi ya siki mdomoni, wakamwona anausugua mdomo kwenye changarawe na anakaa muda mrefu hagusi chakula, akipewa dawa ya maumivu anapungua kujisugua. Kama haumii anasugua nini?

Najua atasema sawa lakini hawawezi kuwa sawa na punda au mbwa. Inawezekana, mi sisemi wote wako sawa. Shida ni kipimo tunachotumia. Tukisema tuhesabu seli za neva, tembo anazo kama bilioni 257 na binadamu tuna bilioni 86, kwa hiyo tembo anaumia mara tatu yetu? Hakuna anayekubali hivyo, maana nyingi za tembo ziko sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshughulika zaidi na mwendo. Tukisema akili, mtoto mchanga hajui hata jina lake na akichomwa sindano tunaumia naye. Ukweli ni kwamba tunapima kwa ukubwa wa mnyama na kwa sauti yake, mbuzi anajua kulia kwa hiyo tunamsikia.

Halafu kuna idadi, na hii ndo inaniuma zaidi. Tuseme kuku mmoja anaumia sehemu moja ya kumi ya mbuzi, mi siamini kama ni kidogo hivyo ila tuseme. Ukitaka nyama inayolingana na ya mbuzi mmoja inabidi uchinje kuku kumi au zaidi, yani hata kwa hesabu hiyohiyo ya kumdharau kuku bado mmefika palepale kwa mbuzi. Dagaa ndo usiseme, kisado kimoja tu ukianza kuhesabu utachoka.

Juzi kwenye pantoni ya Kigamboni kulikuwa na kijana wa bodaboda, kafunga kuku miguu kawaning'iniza kichwa chini pande zote mbili za pikipiki. Mmoja alikuwa ananyanyua shingo, anajitahidi kidogo, inashuka, anainyanyua tena, njia nzima, mdomo wazi. Kuku hana ule msuli tulio nao sisi kati ya kifua na tumbo, ukimgeuza hivyo utumbo wote unalalia sehemu anayopumulia. Nilimwambia yule kijana taratibu tu, akasema kaka mbona wamenyamaza, wametulia hao.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Ninachoomba ni kitu kidogo, wauza kuku warudishe matenga kama zamani, na wavuvi wetu wamuue pweza kwanza ndo wampige. Supu itakuwa ileile, nimeinywa ya mama miaka yote.

Msomaji wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam