Gitaa la marehemu mume wa shangazi: nitajuaje ni la wapi, na bei ya haki ni ipi?

Ndugu Mshauri,

Shangazi yangu anayeishi Nansio, kisiwani Ukerewe, amenikabidhi gitaa kavu la marehemu mumewe na kuniagiza nilitafutie mnunuzi kwa bei ya haki, kwa kuwa anataka kuezeka upya nyumba yake kabla ya mvua za vuli. Mimi ni mpigaji katika kwaya ya usharika wetu hapa Kirumba, na kwa sababu hiyo anaamini kwamba nitajua thamani yake. Kupiga ninajua, lakini kuthaminisha chombo cha umri huu sijawahi.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba tumepewa makadirio mawili yasiyokaribiana hata kidogo. Mchuuzi mmoja wa soko la Mlango Mmoja alilitazama kwa muda mfupi akasema atatoa Sh80,000. Mjukuu wa shangazi, kwa upande wake, alisoma kwamba gitaa la kwanza la John Lennon wa kundi la Beatles lilikuwa Gallotone Champion, lililotengenezwa Afrika Kusini, na kwamba liliuzwa mnadani London mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 100,000. Tangu hapo ukoo mzima unazungumzia mamilioni. Habari ya mnada ule ni ya kweli, ila kwa maoni yangu fedha ile ililipiwa jina la aliyelipiga. Magitaa ya Gallotone yalikuwa ya bei nafuu, yaliundwa kwa plaiwudi, na lebo iliyobandikwa ndani ilimhakikishia mnunuzi kwamba mbao hazitapasuka. Sipendi mjane ajengewe matumaini yasiyo na msingi, wala sipendi apunjwe.

Tena bado haijathibitika kwamba hili ni Gallotone. Wazee wa Nansio wote huliita galatoni, lakini wao huita hivyo gitaa kavu lolote, kwa hiyo ushahidi wao hauwezi kusimama peke yake. Shangazi anakumbuka kwamba mumewe, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, alilinunua dukani mjini Mwanza baada ya msimu mzuri, kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Kumbukumbu hiyo naiheshimu sana, maana inaangukia miaka ambayo magitaa ya Afrika Kusini yalikuwa yakiuzwa kwa wingi barani mwetu, na ambayo wapigaji wa Katanga, kusini mwa Kongo, kama Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, walikuwa wakisikika kwenye santuri. Hata hivyo, viwanda vya Ulaya navyo, kama vile Framus ya Ujerumani na Egmond ya Uholanzi, vilikuwa vikitengeneza magitaa kipindi hichohicho.

Nimelichunguza kadiri nilivyoweza. Nilipomulika ndani kwa tochi niliona lebo iliyoliwa na wadudu, na kilichobaki kusomeka ni herufi nne tu za mwisho, «tone», ambazo zinaweza kuwa za Gallotone, lakini pia zinaweza kuwa za Silvertone, jina ambalo kampuni ya Sears ya Marekani iliuzia magitaa yake. Ukingo wa tundu la sauti unaonyesha matabaka yaliyogandishwa pamoja, wala si mistari ya ubao mmoja inayopenya kutoka juu hadi ndani, kwa hiyo juu ya plaiwudi sina shaka. Nyuzi zimeshikwa na kipande cha chuma kilichofungwa mkiani, na daraja, yaani kijiti kinachoziinua nyuzi, limekaa juu ya uso bila gundi. Kigingi kimoja cha kukazia nyuzi kimebadilishwa, na mgongoni kuna ufa mwembamba. Kasoro kubwa iko shingoni: imepinda hadi nyuzi zimeinuka karibu milimita 5 kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopitishwa shingoni), ilhali mimi nimezoea zisizidi 3, na sioni mahali popote pa kuingiza ufunguo wa kukazia chuma cha ndani ya shingo, kile kinachoizuia isipinde, jambo linalonifanya niamini kwamba shingo haina chuma cha kurekebishika.

Fundi seremala tuliyemwonyesha anashauri lipigwe msasa lote na kupakwa vanishi mpya. Nimemwomba asiliguse. Rangi ile, pamoja na pale ilipofifia kwa mkono wa marehemu, ni sehemu ya ushahidi wa umri wake, na wakusanyaji wa vyombo vya kale hulipa pungufu kwa kilichopakwa upya. Shangazi, ambaye siwezi kubishana naye kama na rika langu, anaona kwamba gitaa linalong'aa litanunuliwa upesi, na kwa mnunuzi wa hapa Mwanza huenda yuko sahihi.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Ikiwa lebo haisomeki, ni alama gani nyingine, kwenye kichwa, kwenye vigingi au katika vijiti vinavyoshikilia ubao wa juu kwa ndani, zinazotenganisha Gallotone na magitaa ya Marekani au Ulaya ya wakati ule? Je, shingo inyooshwe kwanza ili mwanamuziki alipe kwa kuwa linapigika, au liuzwe lilivyo kwa mtu atakayejali lilikotoka? Na kama jibu ni mwanamuziki wa kawaida, Sh80,000 ni dhuluma, au ndiyo bei yake?

Nimeambatanisha picha za kichwa, lebo, mkia na ule ufa. Mchuuzi nimemwomba asubiri, naye amekubali hadi mwisho wa mwezi.

Wenu,
Mpiga gitaa wa kwaya,
Kirumba, Mwanza