Kaunti ipime macho ya watoto wa chekechea

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Kisauni, si daktari, lakini haya mambo ya macho ya watoto nimeyafuatilia sana, nimeuliza manesi wa macho, nimesoma, manake nayaona darasani kila siku na nikinyamaza naona kama nawadhulumu.

Mwakumbuka mwanzo wa 2024 vile macho mekundu yalivotushika hapa Pwani. Kuanzia Likoni mpaka Bamburi kila mtu miwani ya jua usoni hata usiku, serikali ikatoa tangazo, watu wakaambiana tunawe mikono, tusishikane, tusitumie taulo moja. Vizuri sana, na wengi walipoa wenyewe baada ya wiki moja mbili. Sasa mimi swali langu ni hili: yale maradhi ya macho yanayomwacha mtoto na ulemavu wa maisha, mengi yao hayawashi, hayatoi tongotongo, jicho haliwi jekundu, nani atatutolea tangazo la hayo?

Ninachotaka ni kitu kimoja tu. Kila mtoto anayeingia chekechea Mombasa hii apimwe macho, jicho moja moja, kabla hajafika gredi ya kwanza. Basi.

Kwa nini jicho moja moja? Sababu hapa ndo watu wengi tunapopotea. Mtoto hazaliwi akiona vile mimi na wewe tuonavyo. Jicho linaleta picha lakini ubongo ndio unajifunza kuisoma, na huko kujifunza kwingi kunafanyika ile miaka saba hivi ya mwanzo. Sasa ikiwa jicho moja linaleta picha yenye ukungu, labda lahitaji miwani kali kuliko mwenzake, au limekaa upande, au kuna kitu kimeziba mwanga usipite, ubongo unaanza kulipuuza na kutegemea lile jingine. Ndio hilo madaktari wanaita ambliopia, wengine wanasema jicho vivu. Na mtoto halalamiki. Atalalamika nini na lile jicho zima lamwonyesha kila kitu? Anacheza mpira, anapanda mwembe, anasoma juzuu madrasani, anaokota shilingi mchangani, mpaka aje awe mtu mzima siku anaenda kupimwa kwa ajili ya leseni ya gari aambiwe ziba hili usome kwa lile, hapo ndo ajue hana jicho la pili. Na umri huo ukimvalisha miwani huenda isimsaidie kitu, manake hata miwani ikileta picha safi, ni ubongo ndio haukufundishwa wakati wake.

Hapa kwetu mtoto mmoja tulimgundua kwa mchezo tu. Nilikuwa nawafanya wazibe jicho moja kwa kiganja, waniitie picha nilizobandika ukutani, samaki, nazi, dau, kuku. (Kiganja, si vidole, watoto wanachungulia kati ya vidole.) Huyu kila nikimziba la kulia anasukuma mkono wangu anakaribia kulia, nikimziba la kushoto ametulia anataja picha zote. Nikamrudia siku nyingine, vilevile. Nikaita wazazi, na mamake akaniuliza, "Mwalimu, huyu aokota hata sindano sakafuni, sasa shida ya macho iko wapi?" Na ni swali la haki kabisa, mzazi yeyote angeuliza hivo. Wakamteremsha town akapimwa, akarudi na miwani kioo cha upande mmoja kinene kuliko cha pili, na baadaye akaambiwa azibwe lile jicho zima kwa plasta. Mama akaja tena, "Jicho bovu liachwe, zima ndio lizibwe?" Nikamweleza, ni ili lile lililozoea kutegea lifanye kazi. Saa hii anakuja nayo shuleni, wenzake wamezoea, wengine mpaka wanataka plasta na wao.

Na tiba yenyewe haina vitisho watu wanavodhani. Kuna utafiti wa Marekani wa 2003 uliofanywa kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye jicho vivu la wastani, ukaonyesha kuziba saa 2 kwa siku kulisaidia sawa na kuziba saa 6. Saa mbili jamani! Hata sisi walimu twaweza kuzisimamia, mtoto akiwa apaka rangi au atunga shanga, tena kazi ya karibu hivo ndio madaktari wanaitaka. Mtoto anayekataa plasta kabisa daktari anaweza kumpa matone ya atropini kwenye jicho zima yalipoteze makali kidogo. Watoto wengi hawahitaji hata kulazwa, kinachotakiwa ni kugunduliwa mapema, ndio maana chekechea, si darasa la nane. Hata mtoto mkubwa asiambiwe amechelewa bila kupimwa, wako wanaopata nafuu baadaye, lakini inakuwa kazi ngumu zaidi.

Makengeza nayo. Hapa kwetu utaambiwa ni urembo, utaambiwa ataacha akikua, wengine ati ni bahati ya pesa. Mtoto mchanga miezi mitatu minne ya mwanzo macho yanaweza kupotea potea kidogo yakarudi, hio kawaida. Lakini mtoto aliyepita hapo na jicho lingali linaenda pembeni, apelekwe. Kuna watoto wanaonekana wana makengeza na hawana, ni vile daraja la pua ni pana na kingozi cha pembeni kimefunika weupe wa jicho. Ukitaka kuangalia nyumbani washa tochi ya simu, usiisogeze karibu na macho ya mtoto, simama mbele yake akuangalie uone kile kimwanga kinachong'aa ndani ya macho: kikiwa katikati ya mboni pande zote mbili, kuna matumaini, kikiwa kwa jicho moja kimesogea upande, nenda kliniki. Hata kikiwa sawa na bado una wasiwasi, nenda, hakuna nesi atakayekufukuza.

Sasa nije kwa lile linalonitia uchungu zaidi. Kuna saratani ya jicho ya watoto inaitwa retinoblastoma. Si nyingi, ni kama mtoto mmoja kwa kila 15,000 mpaka 20,000 wanaozaliwa, na karibu wote wanaipata kabla ya miaka mitano. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni mzazi kuona mboni nyeupe, yang'aa kama jicho la paka gizani, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa na flashi: jicho moja jekundu vile kawaida, la pili jeupe. Dalili inayofuatia ni hayo hayo makengeza tunayoyaita urembo. Si kila weupe kwenye picha ni saratani, mara nyingine ni pembe tu ya kamera, inaweza kuwa pia mtoto wa jicho, ule ukungu wa ndani ya jicho, lakini zote hizo ni za kuangaliwa wiki hio hio, si za kungoja shule zifunge. Kwenye nchi tajiri zaidi ya watoto 95 kwa kila 100 wanaishi, wanapona, na sisi huku watoto wanaletwa jicho limeshavimba limetoka nje. Tena ni ugonjwa ule ule.

Namwelewa mzazi anayeambiwa jicho la mwanawe litolewe akatoroka na mtoto. Yeyote angetetemeka. Lakini pale daktari anaposema hivo huwa anapigania uhai wa mtoto, lile jicho mara nyingi limeshakufa, na saratani ikipita kwenye mshipa wa jicho kwenda kwa ubongo hapo kumwokoa kunakuwa kugumu mno. Mtoto aliyetolewa jicho moja mapema anawekewa la bandia, anasoma, anakua, anaoa.

Na hapa nataka kila mama anisikie: kile kijitabu cha kliniki tunachopewa tukiwa waja wazito kina sehemu ya macho ya mtoto. Inauliza kama mboni ni nyeupe, kama mtoto anafuata kitu kwa macho, kama ana makengeza. Wazazi wakija kuandikisha watoto huwa wanakuja nacho ili tuone chanjo, na mimi nimejizoesha kufungua huo ukurasa. Mara nyingi mno uko mtupu. Uzito umeandikwa, chanjo zimeandikwa, macho hakuna. Siwalaumu manesi peke yao, foleni za kliniki zetu twazijua, lakini maswali matatu hayamalizi dakika mbili.

Mtoto wa jicho pia si wa wazee peke yao, kuna wachanga wanazaliwa nao, wengine kwa sababu mama alipata rubela akiwa na mimba, ndio mojawapo ya sababu ile chanjo ya surua na rubela iliyoletwa Kenya 2016 tusiikimbie. Mchanga mwenye mtoto wa jicho mzito kwenye macho yote mawili anafaa kufanyiwa upasuaji ndani ya wiki chache za mwanzo, akingojewa mpaka "apate nguvu" ubongo unakuwa ushazoea giza. Na waliozaliwa njiti, wale wadogo sana waliowekwa oksijeni, wanatakiwa waangaliwe retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, karibu wiki ya nne baada ya kuzaliwa, mzazi uliza kabla hujatoka na mtoto hospitalini.

Jambo jingine ni haya matone ya dukani. Joto letu, vumbi, moshi wa matatu, watoto wengi hapa wana aleji ya macho, wanayasugua mpaka yanakuwa ya rangi ya udongo. Mzazi anaenda duka la dawa, anapewa kichupa, macho yanatulia siku ile ile, kila mtu amefurahi, alafu yakirudi ananunua kingine, na kingine, na jirani naye anaazima. Vingine vya vile vichupa ni steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, deksamethasoni na ndugu zake. Dawa nzuri mkononi mwa daktari anayempima mtoto presha ya jicho, lakini ukimtilia miezi na miezi bila kupimwa inaweza kupandisha presha hio ikaua mshipa wa jicho, na ikaleta mtoto wa jicho juu yake, na mshipa ukishakufa haufufuki. Ulitafuta kuondoa muwasho umemnunulia upofu. Tafadhalini wenye maduka ya dawa, nyinyi ni ndugu zetu, msiuze hizi bila karatasi ya daktari.

Na mabibi zetu, shikamoo zenu, wanja kwenye macho ya wachanga tuuache. Baadhi ya wanja umepimwa ukakutwa na risasi, yaani ile madini inayodhuru ubongo wa mtoto. Maziwa ya titi na maji ya majani kwenye jicho linalouma vilevile, jicho lenye kidonda likitiwa uchafu linaweza kupata kovu jeupe likaziba kuona.

Sasa kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti shule za chekechea, na ikaipa kaunti hiyo hiyo zahanati na hospitali zake. Mkono mmoja umeshika mtoto, mkono wa pili umeshika nesi wa macho, na watu wote wawili mshahara wao unatoka kwa gavana mmoja, wanashindwaje kukutana? Sisi walimu tunaweza kufanya upimaji wa kwanza. Kuna kadi ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku, mtoto hata asiyejua kusoma anaonyesha kwa mkono miguu ya hiyo E imeelekea wapi. Kadi, kamba ya kupimia umbali, na mafunzo ya siku moja. Kule Trans Nzoia walimu wa shule za msingi walipewa simu yenye programu ya kupimia macho, shule 50 zikashiriki, matokeo yakachapishwa 2018. Kwa zile shule ambazo wazazi walitumiwa pia ujumbe wa simu wa kuwakumbusha na wakaonyeshwa picha ya vile mtoto wao anavoona, watoto 54 kwa kila 100 waliokutwa na shida walifika hospitali. Kwa zile za kutumia karatasi kama kawaida, 22. Ni Kenya hii, walimu kama sisi, wazazi kama hawa wetu.

Na Mombasa hatuna kisingizio cha umbali. Hospitali ya Coast General iko Makadara, hospitali ya macho ya Lighthouse iko hapa hapa mjini, ukivuka ferry, na kwa miguu ni bure, unapata matatu za kwenda Kwale Eye Centre. Mtoto wa Tana River angetamani apate robo ya hivo. Shimo letu liko hapo katikati, kati ya dawati la mtoto na mlango wa hospitali, na hapo ndo wanapoangukia. Walimu wa madrasa pia wahusishwe, maalim ndiye anamwona mtoto amebandika juzuu kwenye pua jioni nzima, kuna watoto wamechapwa kwa uzembe na kumbe hawaoni herufi.

Kwa hivyo naomba idara ya elimu na idara ya afya za kaunti zijibu kwenye ukurasa huu huu: ni nani atakayewapima watoto wa chekechea, ataanza muhula gani, shule za binafsi na za vichochoroni zimo au hazimo, na mtoto akipatikana na shida mzazi aende dirisha gani asizungushwe. Walimu tuko tayari kufundishwa hata Jumamosi.

Mwalimu wa chekechea,
Kisauni, Mombasa